Anwani ya Mwenye Duka

Wanaosimulia historia ya tovuti za biashara ndogo Afrika Mashariki huanzia Julai 2009, mkongo wa SEACOM ulipowashwa na pwani yetu ikaungwa na dunia kwa waya wa baharini baada ya miaka ya kutegemea setilaiti. Tarehe hiyo ni kubwa. Lakini anayeanzia hapo huiona tovuti kama mtambo mgeni ulioshushwa bandarini pamoja na waya wenyewe, na humwona mwenye duka kama mtu aliyechelewa kujifunza kuutumia. Mimi naona habari ni ndefu zaidi. Tovuti ni sura ya karibuni ya jambo ambalo wafanyabiashara wa ukanda huu wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka mia moja: kumfikia mteja asiyekuona uso, akujue kwa jina, ajue pa kukupata, na akuamini kiasi cha kutoa fedha. Waliofaulu katika kila kipindi walikuwa na mambo mawili, yaani jina na anwani iliyo mikononi mwao wenyewe, na majibu ya maswali ya mteja yaliyowekwa wazi. Tovuti nyingi za mwanzo zilianguka kwa kukosa hilo la pili. Biashara nyingi za leo, zilizohamia moja kwa moja kwenye mitandao ya kijamii, zina upungufu wa lile la kwanza, na upungufu huo ni wa hatari zaidi kwa sababu hauonekani mpaka umekwisha kukuumiza.

Tuanzie Mombasa. Kaderdina Hajee Essak alianza biashara yake mjini humo mwaka 1887, na duka lililotokana naye lingali likijulikana katika Mtaa wa Biashara. Aliuza kanga, bidhaa ambayo washindani wake nao waliiuza, na ambayo kwa mteja wa mbali ilikuwa rahisi kuchanganywa na ya mwingine. Alichofanya ni kutia alama kwenye nguo yenyewe: herufi K.H.E. na maneno “Mali ya Abdulla”, jina alilojulikana nalo sokoni. Ichukue kanga ya namna hiyo uitandaze mezani. Jicho huvutwa kwanza na mji na pindo, kisha na msemo uliochapwa chini ya mji. Alama ya mwenye mali imekaa pembeni kwa herufi ndogo, haigombanii nafasi na kile kilichomfanya mwanamke aipende nguo. Lakini ipo, na inasomeka. Kanga iliyotoka Mombasa ikavaliwa arusini bara, mbali na duka, ilikwenda na jibu la swali ambalo lazima lingeulizwa: hii ni ya nani? Mchuuzi aliyeipitisha njiani hakuweza kulifuta jina hilo wala kulibadilisha liwe lake. Huo ndio uzito wa alama ile. Abdulla alikuwa na njia ya kujitambulisha ambayo hakuikodi kwa mtu, na iliyosafiri mpaka alikofika mteja. Wengi husifu misemo ya kanga, na inastahili kusifiwa, lakini kwa historia ya biashara naona ile alama ndogo ya pembeni ina la kutufundisha zaidi.

Baada ya alama ikaja anwani. Katika sehemu kubwa ya miji yetu Posta haikupeleka barua nyumba kwa nyumba, kwa hiyo aliyetaka kuandikiwa alikodi sanduku. Herufi S.L.P. zikaonekana kwenye risiti, kwenye mihuri, kwenye milango ya magari ya mizigo, chini ya matangazo ya magazeti na kwenye kalenda za ukutani ambazo wenye maduka waliwagawia wateja kila Desemba. Kalenda ile ilining'inia sebuleni miezi 12, ikiwa na jina la duka, bidhaa zake, namba ya sanduku na, kwa waliobahatika kupata laini, namba ya simu. Mwalimu wa shule ya ndani kabisa aliyehitaji vitabu au vipuri vya baiskeli aliweza kuandika barua bila kumfahamu mtu yeyote mjini. Wakati huohuo kulikuwa na njia nyingine, ya bure, iliyowapendeza wengi: kampuni za soda zilitoa mabango. Mwenye duka hakulipa chochote. Malipo yalikuwa kwenye bango lenyewe, ambako jina la soda lilichukua karibu nafasi yote kwa rangi nyekundu inayoonekana kutoka mbali, na jina la duka likabanwa kwenye ukanda mwembamba wa chini. Mpita njia alijua kuna soda. Kwamba duka ni la nani lilikuwa jambo la ziada. Mtindo huo haujafa, siku hizi kampuni za simu hupaka kuta nzima za maduka kwa rangi zao. Naomba msomaji aushike mfano huu wa bango, maana utarudi kwa umbo jingine.

Baadaye anwani ikahamia kwenye intaneti. Kikoa cha Kenya, yaani mwisho wa majina ya tovuti zake, .ke, kilisajiliwa mwaka 1993, na cha Tanzania, .tz, mwaka 1995. Miaka hiyohiyo kampuni kama Africa Online zilianza kuuza huduma ya intaneti, na baadaye vikaundwa vyombo vya kusimamia majina hayo, KeNIC mwaka 2002 na tzNIC mwaka 2006. Katika miaka hiyo intaneti ilikuwa ghali na ya taratibu, na tovuti ilimfaa hasa mfanyabiashara ambaye mteja wake yuko Ulaya au Marekani. Ndiyo maana waongoza watalii wa Arusha na Moshi na wenye hoteli za Unguja na Mombasa walijifunza mapema. Mteja wao alikuwa mbali, hamjui, na alikuwa na maswali ambayo yakikosa majibu hatoi hata senti: siku ngapi mlimani, bei inajumuisha nini, nani atanipokea uwanja wa ndege, mkataba ukivunjika fedha inarudi vipi. Waliojibu kwa maandishi walipata wageni bila kupitia wakala wa London. Hapa kazi ilikuwa ileile ya alama ya kanga na ya sanduku la posta.

Kwa biashara zilizolenga mteja wa hapa nyumbani mambo yalikwenda kombo, na sababu haikuwa ukosefu wa waya tu. Fungua kumbukumbu za tovuti za kipindi hicho utaona zinavyofanana. Ukurasa wa mbele una maneno ya kukaribisha na picha inayozunguka au kumeta, iliyotengenezwa kwa Flash, programu ambayo iPhone haikuikubali tangu 2007 na ambayo Adobe iliacha kuihudumia mwishoni mwa 2020. Chini yake kuna Dira, Dhamira na historia ya mkurugenzi. Kuna kihesabio cha wageni. Ukurasa wa bidhaa umeandikwa kuwa bado unatengenezwa, na umebaki hivyo miaka. Bei hakuna. Lugha ni Kiingereza, hata pale wateja wote wanapozungumza Kiswahili. Mtu aliyelipia dakika zake kwenye intaneti kafe alisubiri picha ishuke, na iliposhuka haikumwambia kitu alichokuja kukitafuta. Tovuti zile zilijengwa ili mwenye biashara aonekane amefika. Kalenda ya ukutani, kwa unyenyekevu wake wote, ilimhudumia mteja vizuri zaidi.

Kwa hiyo mitandao ya kijamii iliposhika kasi ilikuta pengo lililo wazi. M-Pesa ilizinduliwa Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, ikatatua shida ya malipo kwa mtu asiye na akaunti ya benki. Mikongo ilipofika mwaka 2009 bei za intaneti zilianza kushuka. Mwaka 2011 Google ilianzisha mpango wa kuzipatia biashara za Kenya tovuti za bure. Lakini mwaka 2014 Facebook, kupitia kampuni za simu, ilianza kutoa huduma yake bila gharama ya bando, Tanzania na kisha Kenya, na kwa watumiaji wengi wapya Facebook ndiyo ikawa intaneti. Muuza viatu aliweza kupiga picha asubuhi, akaiweka, akaulizwa saizi, akajibu, akapokea fedha na kutuma mzigo kwa basi la jioni. Hakuna tovuti ya zama za Dira na Dhamira iliyoweza hayo. Anayesema wenye maduka walidanganywa na mitandao hawatendei haki. Walikwenda kule ambako maswali ya mteja yalijibiwa.

Lakini walikwenda kukaa chini ya bango la mtu mwingine. Uganda imetoa ushahidi mchungu kuliko nchi zote za jirani. Julai 2018 serikali ilianza kutoza kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia mitandao ya kijamii, na mara moja mteja akawa analipa kiingilio ili aone bidhaa. Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, mitandao ikafungwa, kisha intaneti yote, na intaneti iliporudi Facebook yenyewe haikufunguliwa. Ilibaki imefungwa kwa miaka. Mfanyabiashara wa Kampala aliyekusanya wateja wake wote kwenye ukurasa wa Facebook alijikuta anategemea wale wenye VPN. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika dunia nzima kwa takribani saa sita kutokana na hitilafu za kampuni yenyewe, na maduka yaliyokuwa na njia hizo tatu tu yakawa kimya. Hata vya bure vilivyoitwa tovuti vimeondoka. Tovuti ndogo ambazo Google iliwapa wenye biashara kupitia wasifu wao wa ramani zilizimwa Machi 2024, kama GeoCities, huduma ya Yahoo ya kurasa za bure, ilivyofungwa mwaka 2009 na kurasa za watu zikapotea nayo.

Kuna pingamizi zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba jina la tovuti nalo hukodishwa. Usipolipa kila mwaka linachukuliwa, sasa umiliki uko wapi? Ni kweli, na sanduku la posta nalo lilikodishwa. Tofauti iko kwenye masharti. Jina la .co.ke au .co.tz lina mwenyewe aliyeandikishwa, lina kanuni za migogoro, na anaweza kulihamisha kutoka kwa msajili mmoja kwenda kwa mwingine, na tovuti yenyewe kutoka seva moja kwenda nyingine, bila mteja kubadili anwani aliyoizoea. Ukurasa wa Instagram huwezi kuuhamishia popote pamoja na wafuasi wake. Ya pili ni kwamba serikali ikizima intaneti yote, tovuti nayo inazimika. Ni kweli pia, wala sioni kinga ya hilo. Lakini Uganda ilionyesha kwamba siku waya ziliporudi tovuti zilirudi nazo, na Facebook haikurudi. Ya tatu ndiyo nzito kuliko zote: mteja yuko WhatsApp, kwa nini umtoe huko? Hakuna haja ya kumtoa. Waongoza watalii wa Moshi hawakuacha simu walipopata tovuti. Mtandao wa kijamii ni mahali pa kukutana na mteja na kuzungumza naye. Anwani ni mahali anapoweza kurudi peke yake, usiku, miaka 2 baadaye, simu yako ikiwa imezimwa, akakuta majibu.

Majibu hayo hayahitaji kurasa 20. Chukua mafundi samani wa Keko, Dar es Salaam, ambao kitanda chao huweza kununuliwa na mtu wa Dodoma au Songea. Mtu huyo anataka kujua mbao ni mninga au ni nini, kitanda cha futi tano kwa sita ni kiasi gani, kinachukua siku ngapi kutengenezwa, nani analipa usafiri, na kikifika kimepasuka itakuwaje. Mtandaoni mara nyingi hukutana na maneno “bei njoo DM”, na mazungumzo huanzia kwenye shaka. Ukurasa mmoja wa Kiswahili wenye picha nne zilizopunguzwa uzito ili zisimle bando, bei zilizoandikwa, namba ya kulipia yenye jina linalofanana na la duka, ramani, namba ya simu inayopigika ukiigusa na kitufe cha WhatsApp, unafanya kazi yote ambayo kanga, kalenda na barua vilifanya kwa pamoja. Ukurasa huo ufunguke vizuri kwenye simu ya bei ndogo kwanza, maana tangu Aprili 2015 hata Google hupendelea kurasa zinazosomeka kwenye simu mteja anapotafuta kwa simu.

Limebaki jambo moja ambalo wenye biashara hulipoteza mwanzoni kabisa. Mara nyingi fundi anayetengeneza tovuti husajili jina kwa jina lake mwenyewe na barua pepe yake, kwa haraka tu au kwa kukusudia, na siku akihama, akigombana na mteja au akifariki, duka halina namna ya kuthibitisha kuwa anwani ni yake. Kwa hiyo ndugu mfanyabiashara, kabla hujalipa hata malipo ya awali, hakikisha jina limesajiliwa kwa jina lako au la kampuni yako, kwa barua pepe unayoifungua wewe, na nywila zote ziwe mikononi mwako. Rangi na picha mtazungumza baadaye.