Mtungo wa Diski na Utambuzi Wake Potofu

Istilahi "safu ya diski", ambayo baadhi ya kamati zimeipitisha na wafasiri wakaipokea bila kuihoji, haistahili kubaki katika vitabu vya TEHAMA, kwa kuwa inaficha jambo lile lile ambalo fundi anapaswa kuliona kabla data haijapotea. Dhana yenyewe inafahamika: mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walieleza namna diski nyingi za bei nafuu zinavyoweza kutumika kama diski moja, huku data ya akiba ikiziba pengo la diski iliyoharibika, na mpango huo wakauita RAID.

"Safu" ni neno lenye asili ya Kiarabu, linalotaja vitu vilivyojipanga kwa mstari, kama safu za waumini msikitini, ambamo mtu akibadilishana nafasi na jirani yake swala haiharibiki. Tena limekwisha kushikwa na majedwali, yenye safu wima na safu mlalo. "Mtungo" latokana na kitenzi cha Kibantu "tunga": shanga hutungwa, samaki hutungwa, na kinachopatikana ni vitu vingi vilivyopitishiwa uzi mmoja. Mzizi huo umeenea mbali, kwani Kizulu kina "thunga", yaani kushona, na Kilingala kina "kotonga", yaani kushona na pia kujenga. Kwa hiyo fundi wa Kamina, Haut-Lomami, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, aliyesoma kompyuta kwa Kifaransa, na mwenzake wa Dar es Salaam aliyezisoma kwa Kiingereza, wanaweza kukutana katika neno hili bila mmoja kuazima mkopo wa mwingine. Wanaolikataa kwa kuwa linanuka uvuvi na ushairi wanasahau kwamba istilahi hudumu kwa kubeba dhana sawasawa, si kwa kusikika kigeni.

Uzi wa mtungo, katika mfumo wa Linux, ni alama ndogo iliyoandikwa ndani ya kila diski, yenye utambulisho wa mtungo, nafasi ya diski na hesabu ya mabadiliko. Programu ikiisoma vibaya hutokea utambuzi potofu, ambao wengine huuita "ugunduzi mbaya", ilhali kugundua ni kupata kisichojulikana na kutambua ni kujua kitu kwa alama yake. Alama ya toleo 0.90 hukaa karibu na mwisho wa diski, hivyo diski ikigawanywa na sehemu yake ya mwisho ikifika ukingoni, alama moja huweza kusomwa kuwa ya sehemu hiyo au ya diski nzima. Katika mtungo wa nakala pacha, alama ikiwa mwishoni, mfumo usioijua huiona diski moja kuwa ya kawaida na kuiandikia peke yake, nakala zikaachana, na usawazishaji wa baadaye ukaweza kufuta iliyo sahihi. Toleo 1.2, ambalo alama yake iko kilobaiti 4 kutoka mwanzo, hupunguza hatari hizo.

Ubora wa "mtungo" huonekana zaidi katika kitenzi. Kukusanya diski za zamani kwa kufuata alama zake ni kutunga. Kuziandikia alama mpya ni kuunda. Mwenye "safu" hana kitenzi, hulazimika kusema "kuunda" kwa yote mawili, na fundi anayemtii huandika juu ya alama zilizokuwapo. Akikosea mpangilio wa diski katika mtungo wa aina ya RAID 5, data huonekana imevurugika, na kuandika chochote baada ya hapo huharibu data iliyokuwa nzima. Kwa matumizi, yatosha kusema kwamba alama husomwa kwanza, diski hunakiliwa, kisha mtungo hutungwa kwa kusoma tu.

Kamati itakayohariri orodha za istilahi za TEHAMA iingize "mtungo wa diski", "utambuzi potofu", "kutunga" na "kuunda" kama istilahi nne zisizochanganywa, kwa sababu mwongozo unaozichanganya humwelekeza msomaji mwaminifu kufuta data yake kwa mkono wake mwenyewe.