Gh ya Kicheko

Hapa Isevya, mtoto akikutana mara ya kwanza na neno la Kiingereza "laugh", yaani kucheka, hulisoma kama lilivyoandikwa: "laugi". Ndivyo Kiswahili kilivyomfunza. Darasa huangua kicheko, na wako ambao hawafungui kinywa tena.

Lakini, ndugu msomaji, Waingereza wa kale walikuwa na sauti ya kooni mahali pale, iliyokaribia kh ya "kheri". Karne kwa karne ikageuka f. Uchapaji, ulioanzishwa Uingereza na William Caxton mwaka 1476, ulisaidia kuigandisha tahajia. Matamshi yakaendelea na safari.

Nasi tunayo gh yetu, ya "ghali", iliyotoka Kiarabu. Wengi wetu huku bara twasema "gali", na watu wa pwani hutucheka. Hatununi, maana utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani, uliokomaa katika misafara ya karne ya 19, una kanuni yake: anayecheka naye huchekwa.

Basi mwalimu amfunze mtoto kutamka "laaf", tena amweleze kwamba wenye lugha wenyewe waliipoteza gh yao. Naye apate cha kucheka.