Mti Badala ya Kaburi: Kumbukumbu za Vita katika Bustani ya Kings Park

Katika jiji la Perth, magharibi mwa Australia, kuna bustani ya umma iitwayo Kings Park. Kando ya barabara zake imepangwa miti, na mbele ya miti hiyo kuna vibao vyenye majina ya wanajeshi waliokufa vitani. Insha hii inaeleza kwa nini jamii ile ilichagua miti. Hoja yangu ni kwamba uzito wa kumbukumbu hiyo uko katika jina kuliko katika mti.

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, zaidi ya watu 32,000 wa Australia Magharibi walijiunga na jeshi, na takribani 6,000 hawakurudi. Uingereza ilikataza maiti kurudishwa makwao. Waliokufa Gallipoli au Ufaransa walizikwa hukohuko, na wengine makaburi yao hayakujulikana kabisa. Mama aliyefiwa hakuwa na mahali pa kuweka maua. Arthur Lovekin, mwanahabari na mjumbe wa bodi ya bustani, ndiye aliyehimiza upandaji wa miti, ambao ulianza mwaka 1919. Mti ukawa kaburi la karibu.

Hata hivyo, mialoni iliyopandwa mwanzoni haikustahimili mchanga na kiangazi cha Perth. Baadaye mahali pake pakapandwa mikaratusi, miti ya asili ya Australia. Majina hayakubadilishwa. Leo vibao vimezidi 1,600, vikiwemo vya Vita vya Pili vya Dunia.

Vita hivyohivyo vya 1914–1918 vilipiganwa Afrika Mashariki pia. Inakadiriwa kuwa wapagazi wapatao 95,000 wa upande wa Waingereza walikufa, wengi kwa maradhi. Jina la kikosi chao limebaki Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, lakini majina yao wenyewe hayakuandikwa kwenye makaburi. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, iliyosimamishwa mwaka 1927, haitaji hata mmoja wao. Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri ubaguzi huo na kuomba radhi.

Radhi hiyo haitoshi bila majina. Wanafunzi wa historia tunaweza kuanza nyumbani, kwa kuwauliza wazee wa koo zetu: nani alichukuliwa upagazi, alitoka kijiji gani, na ni mjukuu yupi aliyerithi jina lake?