Metropolitani Bila Jiji: Maana za Neno Moja katika Nyeri na Miji ya Mlima Kenya

1. Utangulizi

Mwaka 1990 Jimbo Katoliki la Nyeri lilipandishwa cheo likawa Jimbo Kuu, na askofu wake, Nicodemus Kirima, akawa metropolitani. Nyeri yenyewe haikuwa jiji wakati huo, wala haijawa jiji hata leo, ni manispaa. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliunda mamlaka ya kusimamia uchukuzi katika Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a, na eneo hilo zima likaitwa kwa neno hilohilo: ni eneo la kimetropolitani. Kwa hiyo Mkatoliki wa Murang'a yumo katika metropolitani mbili. Ya kanisa humwelekeza kaskazini, Nyeri. Ya serikali humwelekeza kusini, Nairobi.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi neno moja lilivyofikia kubeba maana hizi mbili zinazovutana, na kuuliza Kiswahili kizieleze vipi. Jambo hili si la wanaistilahi peke yao. Anayefasiri neno hili vibaya humpa askofu mamlaka asiyo nayo, au huunyima mji mdogo heshima ambayo historia yake imeupa.

2. Asili ya neno

Neno hili ni la Kigiriki, nalo limeundwa kwa maneno mawili: *mētēr*, yaani mama, na *polis*, yaani mji. Kwa Wagiriki wa kale mji mama ulikuwa ule uliotoa watu wakaenda kuanzisha mji mwingine ng'ambo ya bahari. Korintho, kwa mfano, ulikuwa mama wa Syracuse katika kisiwa cha Sicily. Kipimo chake hakikuwa ukubwa, bali uzazi. Mtoto aliweza kumzidi mama yake kwa watu na kwa mali, na mama akabaki kuwa mama.

Warumi walilichukua neno hili wakalitumia kwa mji mkuu wa mkoa wa dola, na kanisa likafuata ramani hiyo. Mtaguso wa Nikea wa mwaka 325, katika kanuni yake ya nne, uliagiza kwamba askofu awekwe na maaskofu wenzake wa mkoa, na kwamba uthibitisho uwe mikononi mwa metropolitani. Kutoka hapo neno likawa na miguu miwili: mmoja katika utawala wa miji, mwingine katika uongozi wa kanisa.

Linalotuhusu zaidi sisi ni njia ambayo neno hili halikuipitia. "Askofu" ni Kigiriki *episkopos*, yaani mwangalizi, kilichotufikia kwa mkono wa Kiarabu, *usquf*. "Kanisa" nalo lilipitia Kiarabu. Waarabu Wakristo walikuwa pia na *mutran*, ambalo ni metropolitani lililokatwa katika Kisiria kabla ya kuingia katika Kiarabu. Kiswahili kilimpokea askofu kwa mlango huo, lakini mutrani hakikumpokea. Nafasi yake ikajazwa na "askofu mkuu", na hapo ndipo utata wetu ulipoanza.

Upande wa miji, Kiswahili kina "jiji", nalo ni ukuzaji wa "mji": mzizi -ji umeongezewa ji- ya ukubwa. Lugha yetu, basi, huupima mji mkubwa kwa ukubwa wake, au kwa ukichwa wake tunaposema "mji mkuu". Hata hivyo Kiswahili hakikuusahau uzazi kabisa. "Mji" ni pia jina la kiungo cha mama ambamo mtoto hukaa kabla ya kuzaliwa, na wakunga husema "mji wa mimba". Hatudai hapa kwamba maneno haya mawili yana asili moja. Inatosha kwamba msikilizaji wa Kiswahili anayasikia kwa sauti moja.

3. Nyeri kama jimbo mama

Wamisionari wa Konsolata walifika Tuthu, katika nchi ya Murang'a, mwaka 1902, na mwaka huohuo Waingereza wakaweka kituo chao cha utawala Nyeri. Mwaka 1909 misheni hiyo ilifanywa Vikarieti ya Kitume ya Kenya. Mwaka 1926 vikarieti ikaitwa kwa jina la Nyeri, na Meru ikatengwa kuwa prefektura ya peke yake. Mwaka 1953 zote mbili zikawa majimbo kamili chini ya Jimbo Kuu la Nairobi. Kisha uzazi ukaendelea: Marsabit ilitoka Nyeri mwaka 1964, Murang'a mwaka 1983, na Nyahururu mwaka 2002. Wajukuu nao wakaja. Embu ilitoka Meru mwaka 1986. Maralal ilitoka Marsabit mwaka 2001. Isiolo ilitoka Meru mwaka 1995 ikiwa vikarieti, ikawa jimbo mwaka 2023.

Majimbo hayo saba ndiyo yaliyo chini ya metropolitani wa Nyeri. Tukiyaweka juu ya ramani ya mikoa iliyokuwako hadi katiba ya mwaka 2010, tunaona jambo la ajabu kidogo. Nyeri ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Kati. Lakini Meru, Embu, Isiolo na Marsabit zilikuwa katika Mkoa wa Mashariki, ambao makao yake yalikuwa Embu, na Maralal na Nyahururu zilikuwa katika Bonde la Ufa. Kwa Warumi kanisa lilifuata mikoa ya dola. Hapa halikuifuata, lilifuata nasaba. Pasipo kukusudia, Nyeri ilirudi kwenye maana ya kwanza ya neno: mama aliyezaa, si mji uliokua.

Mamlaka ya mama huyu ni machache. Kwa mujibu wa Sheria za Kanisa za mwaka 1983, metropolitani hulinda imani na nidhamu katika majimbo yaliyo chini yake na kumwarifu Papa palipo na kasoro. Pamoja na kazi nyingine chache zilizotajwa, hana uwezo wa kutawala humo. Hawezi kumhamisha padre wa Embu. Alama ya cheo chake ni palio, utepe wa sufu unaovaliwa mabegani. Neno "mkuu" katika "askofu mkuu" humfanya msikilizaji adhani kwamba huyu huwaamuru maaskofu wengine kama mkuu wa wilaya alivyowaamuru machifu. Sivyo ilivyo.

4. Madhehebu mengine, Nyeri ileile

Waorthodoksi wa Kenya walizaliwa katika harakati za Karinga, za Waafrika waliotaka shule na kanisa zisizo chini ya wamisionari. Askofu Daniel William Alexander wa Afrika Kusini alifika kwao mwaka 1935, na mwaka 1946 walipokewa na Upatriaki wa Aleksandria. Upatriaki huo ulipounda metropoli ya Afrika Mashariki mwaka 1958 uliiita Irinoupolis, "mji wa amani", yaani Dar es Salaam iliyofasiriwa katika Kigiriki. Mfano huu unatukumbusha kwamba tafsiri haiendi upande mmoja tu. Mwaka 2015 uliundwa uaskofu wa Nyeri na Mlima Kenya, ambao baadaye ulipewa hadhi ya metropoli. Katika desturi ya Waorthodoksi, metropolitani aweza kuwa mwenye jimbo lake tu, bila maaskofu wengine chini yake. Hivyo Nyeri ina viti viwili vya metropolitani, jina moja, kazi mbalimbali.

Waanglikana wana Dayosisi ya Mlima Kenya Magharibi tangu mwaka 1993, na makao yake ni Nyeri; lakini askofu wake si metropolitani. Cheo hicho kwao ni cha Askofu Mkuu wa Kenya tangu jimbo lao lilipoundwa mwaka 1970. Kabla ya mwaka 1960 kilikuwa cha Askofu Mkuu wa Canterbury. Mkulima Mwanglikana wa miteremko ya Mlima Kenya alikuwa na metropolitani aliyekaa Uingereza.

Hapo tunakutana na maana ya tatu. Katika maandishi ya historia ya uchumi, kama kile kitabu cha Walter Rodney cha mwaka 1972 kuhusu Ulaya na umaskini wa Afrika, metropoli ni nchi ya mkoloni inayonyonya makoloni yake. Huyu ni mama kwa jina, kwani maziwa yanatoka kwa mtoto.

5. Nairobi na maana ya serikali

Nairobi ilipata hati ya kuwa jiji mwaka 1950. Mwaka 2008 iliundwa wizara ya maendeleo ya eneo lake la kimetropolitani, na kuanzia mwaka 2020 hadi 2022 huduma nyingi za kaunti zilishikwa na idara yenye neno hilo katika jina lake la Kiingereza. Kwa Kiswahili idara hiyo ilielezwa kwa kawaida kuwa ya "huduma za jiji", na tafsiri hiyo ni sahihi: maana ya serikali ni ya jiji na viunga vyake, vinavyounganishwa na barabara, reli, maji na watu waendao kazini asubuhi na kurudi jioni.

Tofauti ya maana hizi inaonekana wazi pale Murang'a. Kwa serikali, Murang'a imeingizwa katika Nairobi. Kwa kanisa, ilitolewa Nyeri mwaka 1983 ikapewa askofu wake. Jiji hukua kwa kuongeza viungo. Mama hukua kwa kuachilia watoto.

6. Hitimisho

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, cheo cha kanisa kiitwe "metropolitani", nomino ya ngeli ya a-wa, kitofautishwe na "askofu mkuu", kwa kuwa wapo maaskofu wakuu wasio metropolitani. Pili, pale penye haja ya ufafanuzi, kitumike "jimbo mama", usemi ambao waumini wenyewe wanao tayari, mradi mwandishi akumbuke kwamba Embu ni mjukuu wa Nyeri, si binti yake. Tatu, maana ya serikali ielezwe kwa "jiji na viunga vyake". Neno "kimetropolitani" halimwongezei msomaji wa kawaida chochote, na humchanganya yule wa Nyeri, ambaye analijua neno hilo kwa maana nyingine.

Mfasiri akiandika kwamba metropolitani ni "askofu wa jiji", sentensi itasomeka vizuri Nairobi. Nyeri itakuwa si kweli.