Kisu Kilitangulia Kipimo
Desemba 1809, mjini Danville, Kentucky, daktari Ephraim McDowell alimpasua tumbo Jane Todd Crawford bila nusu kaputi, maana etha ilikuja kuonyeshwa hadharani mwaka 1846. Madaktari wa kwao walidhani ana mimba ya mapacha, kumbe alikuwa na uvimbe wa ovari. Alisafiri karibu kilomita 100 juu ya farasi, uvimbe ukigonga tandiko njia nzima. Kwa dakika 25, mgonjwa akiimba zaburi, McDowell alitoa takriban kilo 7 za uteute, kisha mfuko wenyewe wa kilo 3 na ushee. Siku ya tano alimkuta mama huyo akitandika kitanda chake, na mgonjwa huyo aliishi hadi 1842. Simulizi hii inastahili heshima yake, lakini ushujaa wake umetufanya tusahau kwamba kwa karibu karne moja na nusu baadaye madaktari walijua zaidi kukata kuliko walivyojua nani akatwe. Mwaka 1872, huko Georgia, daktari Robert Battey alianza hata kutoa ovari zisizo na uvimbe wowote, akitafuta kutuliza maumivu na matatizo ya hedhi, na wengi wakamfuata.

Kilicholeta mabadiliko ni kuona ndani bila kupasua. Mwaka 1955 daktari Ian Donald wa Glasgow alipakia garini vimbe zilizotoka kutolewa kwa wagonjwa, pamoja na pande la nyama ya ng'ombe la kulinganishia, akazipeleka kwenye kiwanda cha boila kilichotumia mawimbi ya sauti kutafuta nyufa za chuma. Mwangwi wa mfuko wa maji ulitofautiana na ule wa nyama ngumu. Katika makala aliyochapisha na wenzake mwaka 1958 alikuwamo mwanamke aliyedhaniwa kuwa na saratani isiyotibika, kumbe ni uvimbe wa maji wa ovari, ukatolewa akapona. Na kipimo hicho cha mawimbi ya sauti, yaani ultrasaundi, kiliwapa madaktari uwezo wa kungoja: vifuko vingi vinavyotokana na kupevuka kwa yai huisha vyenyewe baada ya hedhi mbili tatu.

Wapo wanaosema kungoja ni kucheza na saratani. Hofu hiyo ina msingi kwa mwanamke aliyefikia ukomo wa hedhi, au aliye na uvimbe wenye sehemu ngumu ndani. Hao wachunguzwe haraka. Lakini kumpasua kila msichana mwenye kifuko kidogo ni kuhatarisha uzazi wake bure. Vilevile vifuko vya mlango wa kizazi, ambavyo daktari Martin Naboth alividhania mayai mwaka 1707, ni tezi za ute zilizoziba, na kwa kawaida havihitaji tiba. Ila kuwa navyo hakumwondolei mtu haja ya kupimwa saratani ya mlango wa kizazi.

Pingamizi lenye uzito zaidi ni umbali. Anayeishi mbali na ultrasaundi akiambiwa arudi baada ya wiki nane, huenda asirudi. Basi asiondoke kabla hajaelezwa dalili za hatari: maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa chini ya tumbo, pamoja na kutapika, huenda ni ovari iliyojisokota, na hapo upasuaji ni wa saa, si wa wiki.