Theluji ya Kirinyaa na warukaji wa Hakuba

Jumapili moja ya Februari niliingia hoteli ndogo pale Chogoria kunywa chai. Televisheni ilikuwa juu ya kabati la mandazi, na ndani yake watu walikuwa wakiruka. Mmoja anakaa kwenye boriti huko juu kabisa, anajiachia, anateremka ameinama kama anayepita chini ya seng'enge, kisha ardhi inamwishia. Anabaki hewani, kifua kimelalia skii mbili, vile vibao virefu vya kutelezea thelujini, zilizopanuka mfano wa herufi V, mikono imebanwa kiunoni. Mzee aliyeketi meza ya pembeni akaweka kikombe chini.

"Kijana, na hawa wanakimbia nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa, nikacheka tu. Nilipotoka nje wingu lilikuwa limefunguka. Mlima Kenya ulisimama juu ya msitu, mweusi, na weupe kidogo umebaki kwenye mikunjo ya miamba karibu na kilele. Nikakumbuka kwamba kitu wanachotelezea wale watu kilikuwa hapa hapa, juu ya mashamba yetu ya chai, na kwamba mmoja wa watu wa kwanza kumweleza mgeni habari zake alikuwa mtu wa Embu.

Mtu huyo aliitwa Rumu wa Kikandi. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alikuwa Kitui kwa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba. Kivoi alikuwa amekwisha kumsimulia juu ya mlima mkubwa upande wa kaskazini, na tarehe 3 Desemba mawingu yakapasuka, Krapf akauona kwa macho yake: vilele viwili na weupe juu yake. Hapo kwa Kivoi ndipo alipokutana na Rumu, aliyetoka Uembu. Rumu alimwambia kwamba amefika mlimani mara nyingi lakini hakupanda mbali, kwa sababu huko juu kuna kitu cheupe chenye baridi kali. Krapf alilinakili jina la kitu hicho kama kirira. Rumu aliongeza kuwa kirira hiyo hutoa maji bila kukoma, nayo maji hayo ndiyo yanayozaa mto Tana.

Maelezo hayo hayakuwa na kasoro kubwa. Hata hivyo London hawakuyataka. William Desborough Cooley, mwanajiografia aliyeandika vitabu juu ya Afrika bila kuikanyaga, alishikilia kwamba theluji karibu na ikweta ni ndoto za wamisionari. Ilibidi mambo yangoje hadi 1883, Joseph Thomson alipopita Laikipia na kuuona mlima mwenyewe. Miaka zaidi ya thelathini ya ubishi, juu ya jambo ambalo mtu wa Embu alikuwa amelimaliza kwa sentensi mbili.

Majirani wa mlima hawakuwa na ubishi huo kwa sababu weupe ulikuwa ndani ya majina. Wameru wanauita Kirimara, na weupe umo katika maana yake. Waembu wanauita Kirinyaa, na Mungu wao ni Mwene Njeru, mwenye weupe na mwangaza. Wakamba waliutazama mwamba mweusi wenye mabaka meupe wakamkumbuka mbuni dume, na jina lao, Kiinyaa, ndilo lililokuja kuwa la nchi nzima. Sisi wa Kiswahili neno theluji tumeliazima kwa Waarabu, watu wa jangwani. Hilo hunichekesha kila nikilifikiria.

Sasa hawa wa Kiswahili walipokutana na barafu yenyewe ilikuwaje? Kisa kipo, na kimeandikwa na John Walter Gregory, mwanajiolojia Mwingereza aliyepanda mlima mwaka 1893 na wapagazi kutoka pwani. Asubuhi moja mkuu wa wapagazi, Omari, alimjia amefadhaika: maji waliyoyaacha kwenye masufuria usiku yamelogwa. Yamekuwa meupe na hayatikisiki. Mmoja wao aitwaye Fundi, shujaa wa kundi, amejaribu kuyapiga kwa fimbo na fimbo haikuingia. Hakuna aliyekubali kuyagusa. Gregory akalibandika sufuria moja motoni, wote wakakaa kulizunguka wakitazama, na barafu ilipoyeyuka wakafurahi kwamba shetani ametoka. Akawaambia basi wayatumie. Alipogeuka tu waliyamwaga, wakaenda kuteka mengine kijitoni.

Mimi siwacheki. Mtu akiona maji yamegoma kutikisika ana haki ya kuyamwaga. Gregory huyo aliendelea hadi kwenye mto mkubwa wa barafu chini ya kilele cha Point Lenana na kuupa jina la mwanajiolojia wa Marekani, Henry Carvill Lewis. Mto mwingine ulikuja kuitwa kwa jina lake mwenyewe. Mwaka 1899 Halford Mackinder na waongozaji wake wawili kutoka Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, walifika kilele cha Batian, mita 5,199. Miaka ya 1920 Ernest Carr alitengeneza njia ya gari kutoka Chogoria kuingia mlimani, na akajenga vibanda viwili, Urumandi kwenye ukingo wa msitu na Top Hut kando ya Lewis.

Kwa hiyo, karibu miaka mia moja iliyopita, Chogoria ilikuwa na njia, vibanda na barafu yenye mteremko. Mchezo wa skii haukuota mizizi. Sababu hazihitaji utafiti. Lewis iko karibu mita 4,800 juu ya usawa wa bahari, ambako kupanda ngazi tatu ni kazi ya kutosha. Na wenyeji waliokuwa wakifika huko juu walikuwa wamebeba mizigo ya wengine mgongoni. Kichwa kikikugonga kwa kukosa hewa na kamba ya mzigo imekukaza kipaji cha uso, hutafuti mteremko wa kuchezea.

Hivyo Mkenya wa kwanza wa skii katika Olimpiki hakutoka huku. Alikuwa Philip Boit, mkimbiaji wa mita 800 kutoka Bonde la Ufa, wa ukoo wa Mike Boit aliyepata shaba ya mita hizo Munich mwaka 1972. Kampuni ya Nike ilimpeleka Finland mwaka 1996, na huko ndiko alikoikanyaga theluji kwa mara ya kwanza, akiwa mtu mzima. Tarehe 12 Februari 1998 alisimama kwenye mstari wa kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano, Japani. Bjørn Dæhlie wa Norway alishinda kwa dakika 27 na sekunde 24. Boit alimaliza wa 92, wa mwisho, kwa dakika 47 na sekunde 25. Dæhlie hakwenda kuchukua medali yake; alisubiri kwenye mstari zile dakika 20 mpaka Mkenya akafika, akamkumbatia. Boit alirudi nyumbani akampa mwanawe jina la Dæhlie.

Mbio hizo zilifanyika Hakuba, na Hakuba hiyo hiyo ndiko kulikokuwa na minara ya kuruka. Siku tatu baadaye, Jumapili, Mjapani Kazuyoshi Funaki alishinda kwenye mnara mkubwa. Hapo ndipo pa kumjibu mzee wangu wa Chogoria. Wale hawakimbii kitu. Wanajaribu kutua mbali na kutua vizuri. Katika mteremko huchorwa mstari, na kwenye mnara mkubwa anayeufikia hupata alama 60, kila mita ya ziada huongeza 1.8, na kila mita pungufu hukata hivyo hivyo. Waamuzi watano hutazama jinsi alivyoruka na kutua, kila mmoja ana alama 20 za kutoa, na ya juu na ya chini huondolewa. Siku ile, kwa mruko wa pili wa Funaki, wote watano walitoa 20.

Siri yenyewe ni hewa. Mrukaji huacha mnara akiwa na mwendo wa kilomita 90 hivi kwa saa, kisha mwili na skii huwa bawa linaloegemea upepo. Ndiyo maana Lewis isingefaa hata barafu ingebaki: kule juu hewa ni zaidi kidogo tu ya nusu ya ile ya pwani, na hewa nyepesi haibebi mtu vizuri. Theluji kwa upande wake si lazima. Tangu 1954, Mjerumani Hans Renner alipotandika mikeka ya plastiki kwenye mteremko, watu wanaruka kiangazi kwenye plastiki iliyolowa maji. Anayesema Kenya haiwezi kwa sababu haina theluji anatafuta kisingizio. Kinachokosekana ni pesa na mtu wa kuanza. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi aliyeiwakilisha Kenya kwenye Olimpiki ya Pyeongchang mwaka 2018 katika skii ya kuteremka, alijifunzia mchezo huo Austria, alikokulia. Kwenye minara ya Olimpiki hiyo hatukuwa na mrukaji.

Na ile kirira ya Rumu? Mackinder na waliomfuata walihesabu mito 18 ya barafu. Ule uliopewa jina la Gregory umekwisha. Lewis ilipimwa mwaka 1934 na ikapimwa tena 2010, ikaonekana imepoteza asilimia 90 ya barafu yake, na baadaye kilichobaki kikagawanyika vipande viwili. UNESCO ilitangaza mwaka 2022 kwamba barafu ya mlima huu itakuwa imetoweka kabla ya 2050.

Mzazi wa Embu au Meru mwenye kijana wa sekondari, msikilize mwandishi huyu kwa jambo moja. Weka akiba kidogo kidogo, tafuta mwongozaji, mpeleke. Ingieni lango la Chogoria, pandeni polepole kwa siku tatu, mlale kambi ya Mintos, na alfajiri mfike Lenana. Chini yenu, kando ya kibanda cha Austrian Hut, mtaona bamba la kijivu lililochanganyika na changarawe. Hiyo ndiyo Lewis. Nendeni mwaka huu.