Kiputo Kidogo Kichwani: Kwa Nini Daktari Husema Tusubiri



Siku hizi mtu akenda kupigwa picha ya kichwa kwa maumivu tu au baada ya kuanguka, huweza kuambiwa jambo asilolitafuta: mshipa wa damu kwenye ubongo umetuna pahala pamoja, mfano wa kiputo. Madaktari hukiita anyurizimu. Sisi washonaji tunalielewa haraka, ni kama kitambaa kilicholegea pahala pamoja, kikivutwa kinatokeza. Khofu ni kupasuka, maana damu ikimwagika hapo wengi hufariki. Kisha daktari anasema, "Ni kidogo, tutakiangalia." Bibi harusi atalala usingizi kweli?

Maneno hayo ya daktari yana historia.

Zamani viputo hivi vilijulikana zaidi vikishapasuka. Mwaka 1927 Egas Moniz wa Ureno akapata njia ya kupiga picha mishipa ya ubongo. Mwaka 1937 Walter Dandy, kule Baltimore, Marekani, akakibana kiputo shingoni kwa kibanio kidogo cha fedha. Tiba ikapatikana, lakini operesheni nayo huweza kuleta kiharusi au kifo. Ikabidi ijulikane: kikiachwa, hupasuka mara ngapi?

Helsinki, Ufini, walifuatiliwa wagonjwa 142 kwa miaka mingi. Kila mwaka alipasukiwa zaidi kidogo ya mmoja katika 100. Lakini wengi wao walikuwa wameshapasukiwa na kiputo kingine kabla. Mwaka 1998 utafiti wa nchi kadhaa ukasema kwa asiyewahi kupasukiwa, kiputo chini ya milimita 10 hatari yake ni kama mmoja katika 2,000 kwa mwaka. Mwaka 2003 wakaongeza: chini ya milimita 7, ambayo ni ndogo kuliko kifungo cha shati, vya mishipa ya mbele havikupasuka kwa miaka 5, vya nyuma vilipasuka kama 2 hadi 3 katika 100.

Wengine walipinga, wakisema waliokuwa hatarini zaidi walishafanyiwa operesheni, kwa hivyo hawakuhesabiwa. Mwaka 2012 Wajapani wakatoa hesabu ya watu 5,720: viputo vya milimita 3 hadi 4 hupasuka kama 4 katika 1,000 kwa mwaka. Hatari ni ndogo, ila ipo.

Basi dada, kusubiri si kutelekezwa. Uliza mambo mawili: kina milimita ngapi, na kipo mshipa gani? Pima presha, usivute sigara wala shisha, rudi kwa picha siku uliyopangiwa. Kichwa kikipasua ghafla kuliko maumivu yote uliyowahi kuyapata, nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Na nyinyi mama wakwe, msivunje posa kwa neno mlilolisikia nusu. Muulizeni daktari kwanza. Tumuombe Mungu, na tufuate tiba.